Mistari Minane ya Bima

Fomu ni ya Kiingereza, mistari yake minane.
Eleza kwa maneno yako mwenyewe, inasema,
na maneno yangu mwenyewe ndiyo yasiyotakiwa.

Nimekaa mezani, hapa Mamboleo, goti limefungwa bendeji,
kalamu ya Nerea mkononi, wino wa kijani,
maana ya buluu ameificha, anaitunzia mtihani.

Kwa lugha yangu jambo ni fupi.
Nilikuwa nateremka Riat, natoka Kiboswa,
nyuma kreti mbili za nyanya za Mama Achola,
lami imelowa, inateleza kama mgongo wa kambare,
nikapunguza gia.
Basi. Kondele nzima ingenielewa.

Nikaandika kwamba nilipunguza, nikatumia lile neno
wanalobandika madukani Krismasi ikikaribia: ridyusi.
Nerea akacheka hadi taa ya sola ikatikisika.
"Baba, gia si sukari."
Nikafuta. Nikaandika kwamba niliitoa.
"Gia si jino."
Nikaandika niliishusha, kama ninavyoshusha abiria.
"Hapo umeiacha stejini, na hujalipwa."

Ndipo akanipa: chenji dauni.
Maneno mawili tu, na gia yenyewe haimo.
Unabadilisha kwenda chini,
na kila mtu anajua ni nini kilichobadilika.
Wengine husema shifti, akaongeza, na Madam Khavugwi
huzikubali zote mbili, mradi usizichanganye.

Chenji dauni, nikasema. Chenji dauni.
Mguu wa kushoto, ule mzima, ukakataa.

Kwa sababu pikipiki yangu hupanda kwa kukanyagwa:
ncha ya kiatu chini, moja,
chini, mbili,
chini, tatu, mpaka upepo uanze kuvuta kola.
Nikitaka kurudi, kisigino hubonyeza nyuma
na ncha inainuka.
Sasa bwana wa bima akisoma dauni
si ataona mguu ukienda chini?
Si atasema huyu aliongeza gia mteremkoni,
nyanya zake azile mwenyewe?

"Kiingereza hakiangalii mguu," akasema Nerea.
"Kinaangalia injini."

Nikaandika. Mstari wa tano ukajaa.
"Halafu?"
Halafu gia ilikataa.
Hivyo ndivyo tusemavyo stejini, na hakuna anayeuliza zaidi:
gari limekataa, simu imekataa, shamba limekataa.
Vitu vina vichwa vyao.

Nerea akauma mfuniko wa kalamu.
Kwa Kiingereza, akasema, gia haina ukaidi.
Ni wewe. Wewe ndiye uliyeikosa.

Nilikosa.

Akalitamka Kiswahili, akifafanua tu,
wala hakusikia lilivyoanguka mezani kati yetu,
neno lenye milango miwili.
Waya wa klachi ulianza kuchanika tangu Jumatatu,
nyuzi tatu, kisha nyuzi mbili,
nami nikaupaka grisi, nikauambia ungoje,
kwa kuwa mia tatu na hamsini ya waya
ndiyo iliyokuwa mia tatu na hamsini ya mtihani.
Kati ya gia ya tatu na ya pili kuna mahali
pasipo na gia yoyote.
Pale pikipiki si yako, haina mwenyewe,
inateremka na uzito wa nyanya ukiisukuma mgongoni.

Hilo sikumwambia. Fomu haikuuliza.
Nilikosa gia, nikaandika, kwa Kiingereza alichonipa,
herufi za kijani, zimeinama kidogo kulia.

Mistari miwili ikabaki.
"Andika nyanya," akasema, akipiga mwayo.
"Ngapi zilipona?"

Kumi na moja.
Tulizila jana na ugali.
Hiyo nayo inaandikwaje?