Mashine Imesahau Tena

Saa mbili asubuhi, Porriño, mvua ileile ya tangu Jumatatu.
Nafungua folda ya maagizo
na picha zimejaa dirisha tena, kubwakubwa,
mawe ya makaburi yamebanana kama abiria.

Jana jioni nilipanga orodha:
jina, tarehe, ukubwa wa faili,
aliyetangulia kuagiza akae juu,
maana foleni hapa ni ya walio hai.
Wafu hawana haraka.
Nikabofya "Tumia kwa folda zote".
Nikabofya "Sawa".
Sawa gani? Kumekucha, mambo ni yaleyale.

Nilimpigia Brais, fundi wa kule Vigo,
anayetafuna kitu kila anapopokea simu.
Alisema kompyuta hukumbuka folda elfu kadhaa tu,
ikishiba husahau, kama mtu.
Akaniongoza hadi uvunguni mwa mashine
nifute funguo mbili zenye majina kama matusi,
nizime, niwashe.
Nikafuta. Nikazima. Nikawasha.
Nikapiga na ishara ya msalaba,
mimi nisiyekwenda misa tangu harusi ya Uxía.
Ikatulia siku moja.
Ilikuwa Jumapili.

Nilishuku masasisho. Nilishuku virusi.
Nilimshuku paka wa jirani, hupenda joto la kibodi.
Nikamuuliza Baba, patasi mkononi,
akanijibu bila kugeuka:
"Mashine hizo! Jiwe ukishaliandika, limeandikika."

Kweli, limeandikika.
Nyuma ya ghala, chini ya turubai,
limesimama jiwe la Obdulia Requeixo,
mzaliwa wa 1933.
Jiwe lasema 1988.
Tatu mbili zimefumba midomo zikawa nane,
na bibi mwenye wajukuu tisa
kwa hesabu ya graniti hakufika arobaini.
Tulisema ni uchovu. Tukakata jiwe jingine,
na jina la uchovu halikutajwa tena mezani.

Alhamisi nilifuata ankara niliyoisahau,
saa kumi na moja, giza bado.
Ofisini palikuwa na mwanga wa samawati.
Baba, koti mwilini, maji yakimdondoka,
pua inakaribia kugusa kioo,
ameshika kipanya kama mtu ashikavyo yai.
Mbele yake orodha yangu, majina kama sisimizi.
Kidole chake kilihesabu ngazi alizokariri:
juu, kulia, chini, chini,
Aikoni Kubwa Kabisa.
Mawe yakavimba.
Akaegemea kiti, akapumua
kama mtu aliyefika kwake akakuta taa inawaka.
Kisha akasoma kimoyomoyo, midomo ikitembea:
huyu wa njiwa, huyu wa mzabibu,
huyu mtoto wa Seixas,
na kwa penseli nene akanakili tarehe
kiganjani, tarakimu kubwa kama maharage.

Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole.
Nikakaa garini hadi saa mbili,
vioo vimejaa ukungu wa pumzi zangu.
Nikaingia nikichezesha funguo kwa makusudi.

"Imesahau tena?"
"Imesahau tena."
"Mashine hizi."
"Mashine hizi, Baba."

Mchana Brais alipiga, ana dawa mpya,
safari hii haikosi.
Nikamwambia aiache.
Jioni nikazikuza picha mwenyewe,
nikaandika tarehe mwanzoni mwa kila jina
ili foleni ijipange bila orodha.
Kazi ya saa tatu. Chai ikapoa mara mbili.

Ijumaa nilikuta vumbi jeupe juu ya kipanya
na kiti kimesogezwa nyuma kidogo, mbali na kioo.
Baba akauliza kama mashine imepona.
Nikasema bado.
Akatikisa kichwa, akachukua patasi.
Siku hizi, kabla hajagonga,
tatu zake nazichora mimi kwa chaki,
midomo wazi.