Slivu ya Nne

Usiku mzima slivu zangu zililala
kwenye friza la Somoe, pale Mkuti,
zimeviringishwa gazeti,
kati ya barafu za ubuyu na vichwa vya changu.
Somoe akacheka: "Fundi, hata chuma kina homa?"

Homa ilikuwa ya bloku.
Alfajiri niliilaza juu ya makaa na maganda ya korosho,
moshi mchungu, unauma hadi kwenye fizi.
Landrova ya mwaka sitini na moja.
Nikaidondoshea tone la maji:
likaruka, likapotea.
Tayari.

Hesabu yenyewe ni thau tatu,
unywele unaizidi.
Cha nje kimetanuka, cha ndani kimesinyaa,
na nafasi uliyopewa ni ya bismillahi moja.
Ukipiga chafya umechelewa.

Ya kwanza ikazama yenyewe,
kama mkono kwenye mfuko wa koti la zamani.
Ya pili vilevile.
Ya tatu ililia kidogo, tii, ikakaa.

Dismas Nammole, mwenye gari,
alikuwa nyuma yangu kimya tangu adhana.
Nina ya nne mkononi, ndipo akasema:
"Hiyo silinda ndiyo iliyokuwa inakula oili
siku ile tunampeleka mama Ndanda.
Hatukufika."

Nikageuka.
Kugeuka tu.

Slivu ikasimama nusu, shingo nje,
kama mgeni aliyebanwa na salamu mlangoni.
Nikagonga kwa kipande cha mninga. Nikagonga tena.
Vyuma vikishashikana havina mjadala.

Sikumlaumu, naye hakuomba radhi.
Tuliipandisha bloku kwenye kirikuu
twende ikakerezwe, tundu lianze upya,
na mkerezaji wa karibu yuko huko huko, Ndanda.
Dismas alikataa kukaa mbele.
Alikaa nyuma na chuma chake, amekipakata,
shati jeupe limekuwa jeusi tumboni,
na kila kwenye shimo akikiinua kidogo
kisigonge.

Sehemu fulani, kabla ya daraja,
alipiga bodi kwa kiganja. Dereva akasimama.
Hakushuka. Aliangalia majani ya kando ya barabara,
kisha akapiga tena, twende.

Safari hii tulifika.

Leo jioni nimerudi kwa Somoe
na slivu nyingine, imefungwa gazeti la juzi.
Ameipima kwa mkono, akaisogezea changu.
"Mia tano kwa usiku," kasema,
"na kesho, fundi, mwambie mwenye gari
aje kunywa chai huku kwangu
mpaka umalize."