Hodhi la Kilimani

Saa kumi na mbili na robo, Mbande,
tunajaza matairi kwa pampu ya Mnyukwa
inayokohoa kama mlinzi aliyekesha.
Baiskeli yangu ni ya chuma, ya Kiitaliano,
ilitoka misheni padri alipozeeka magoti.
Jina ubavuni limefutika, imebaki herufi moja,
o,
mdomo wa mtu aliyeshangaa.

Barabara ya Kongwa haina haraka na mtu.
Inashuka korongoni, inapanda, inajifanya imefika,
halafu inapanda tena.
Alizeti zimetupa visogo, zinatazama jua lao.
Upepo unatoka mbele; hapa upepo hutoka mbele
hata ukigeuza baiskeli.
Mama mmoja na ndoo yake: “Mbukwenyi!”
Nami najibu kwa nusu pumzi,
salamu inadondoka nyuma yangu, inagaragara vumbini.

Mnyukwa ana miaka ishirini na mitatu na mapaja ya punda.
Mimi arobaini na sita, karani wa masijala ya ardhi,
nusu ya umri wangu nimeikalia.
Ananingoja kila kileleni, hasemi neno,
anamumunya ubuyu, anatema mbegu.

Kisha kilima chenyewe.

Huko juu walijenga mabwana wa karanga:
vigae vyekundu, baraza pana,
na dohani, ndiyo, dohani za moto,
Kongwa hii hii ambako mjusi hutafuta kivuli cha waya.
Karanga zikakataa. Udongo ukakauka ukawa sakafu.
Wakafunga virago, vigae vikabaki.

Babu Chiseo alilipandisha hodhi lao la kuogea.
Lori lilizama tope, mvua za Januari,
wakaitwa wanaume wanne.
“Chuma kitupu,” alikuwa akisema, “zito kama deni,
na bwana nyuma yetu: polepole, polepole,
msilikwaruze.”
Kila akifika hapo alicheka mpaka machozi,
hadithi haikuwahi kuisha.

Nabadili gia. Gia zimekwisha.
Nasimama juu ya pedali, goti la kushoto linagonga
kama mdai mlangoni.
Sibebi kitu, najikumbusha. Chupa moja ya maji,
mkate wa kumimina kwenye mfuko wa nailoni.
Wanne, hodhi moja, miguu mitupu.
Sibebi kitu. Mbona kilima hakijapungua?

Nyumba ya tatu, ukuta umemeguka kona.
Mwalimu Nyemo anaishi vyumba viwili,
vilivyobaki ni vya mbuzi na mahindi.
Hodhi liko uani, chini ya bomba, mbuzi wanakunywa.
Lina miguu ya kucha za simba,
mitatu. Wa nne ni tofali.

Sikueleza. Niliomba tu kulizunguka.
Nikachuchumaa na kofia yangu ya plastiki kichwani,
nikapapasa ukingo wote kwa kiganja
kama anayetafuta ufa kwenye chungu cha kununua.
Upande wa ukutani, chini, pasipoonekana:
mkwaruzo,
mrefu kama mkono hadi kiwiko.

Labda ni pembe ya mbuzi.
Labda ni aliyekuja kulihamisha kutoka bafuni.
Lakini nilicheka, nikashindwa kuacha,
Nyemo akaleta kigoda, akadhani ni jua.
Mnyukwa akatema mbegu akauliza, “Nini?”
Nikasema: polepole, polepole.
Nikaanza upya. Machozi.

Kushuka, sikushika breki.
Vigae, migunga, choo cha shule, jogoo, vyote
mstari mmoja mwekundu pembeni mwa jicho,
na ile o chini yangu ikipiga kelele.
Kwenye daraja nikakanyaga mwiba.
Pssss.
Tukaingia Kongwa kwa miguu, tunakokota,
mimi mbele, kwa mara ya kwanza.