Ukutani Kwanza

Julai hii Moshi imejifunika ukungu gubigubi,
na Datsun ya baba, kijani kilichopauka,
imekohoa mara mbili
kisha kimya, kama mtu aliyekumbuka deni.

Spana namba kumi.
Nafungua arthi, ndipo nafungua moto.
Naibeba wima, kwa mikono miwili,
hadi barazani, upepo unapopita.
Jikoni hapana: Aikande ana mtori, mkaa umekolea,
na hewa itokayo humu haionekani,
haina harufu, ila ina hasira.

Baba yuko dirishani.
"Umezima swichi?"
Nimezima.
"Ya ukutani?"
Ya ukutani, baba.

Wageni huwaambia jicho lile lilitobolewa na tawi la mbuni
mwaka wa mavuno makubwa.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilishika tochi iliyoishiwa mawe.
Akasema, acha,
akawasha kiberiti
aone kama maji yamefunika sahani.

Mlio sikuusikia. Niliona vifuniko sita
vikiruka kama kwale,
na mama akimmwagia maji usoni,
ndoo baada ya ndoo, akilia,
akimzuia mikono asijipanguse.
Shati lake lilipofuliwa Jumamosi
lilitoka chekeche.

Basi leo nimevaa miwani.
Kopo la magadi, yale yale ya maharage,
liko karibu, asidi isije ikadondoka.
Maji ya betri, si ya bomba; yafunike sahani, yasizidi.
Nyekundu kwa jumlisha, nyeusi kwa kutoa,
ndipo naenda ukutani.
Ampea nne tu, usiku kucha.
Betri si chai, huichemshi kwa sababu una haraka.

Inaanza kunong'ona,
mapovu madogo madogo, kama mbege ya siku ya pili.
Baba ametega sikio.
"Inakunywa," anasema.

Alfajiri nikazima ukutani.
Nyeusi. Nyekundu.
Nikaifunga mahali pake, nikatekenya ufunguo,
Datsun ikaitika mara moja
na kuku wa jirani wakatawanyika.

Baba alikuwa ametoka, blanketi begani,
akasimama mbali, hatua zake saba za kila siku.
Nilingoja swali. Halikuja.
Alivitazama vifuniko muda mrefu.
"Halikuwa tawi," akasema.

Najua, baba.
Panda, ndizi za Kibosho zinatungoja.