Tawi la Mpera

Jumamosi ile sufuriani hamkuwa na matoke.
Naigaga, jirani yangu wa Bugembe,
alichungulia, akacheka: "Wapika kuni?"
"Napika nyumba," nikamjibu, "ya kinyonga."
Tangu hapo haji kuomba chumvi.

Chumvi yenyewe niliimaliza kwenye tawi,
nikilisugua kwa brashi kuukuu ya viatu,
gome nimelibambua, kuvu nimeikwangua.
Lilitokota hadi adhuhuri,
sisimizi wawili wakielea kama majani ya chai.

Kipande cha msonobari nilikirudishia moto:
utomvu wake wanuka dawa,
sikumwamini.

Siku tatu tawi likalala juu ya bati.

Ndipo nikampandisha.
Akasimama, mguu hewani,
jicho moja kwangu, jingine kwenye fundo la mti,
kama mpangaji anayetaka kujua
nani alihama.