Koti la Kijani

Kifundo cha mguu kilivunjika juu ya barafu
mbele ya kituo cha tramu, mwezi wa pili,
ndiyo maana nimekaa, mimi nisiyekaa.
Kinga, binti yangu, yuko Rotterdam.
Amenitajia neno lake la siri kwa simu, herufi moja moja,
kama anayemlisha mgonjwa uji:
jina la mbwa wetu aliyekufa, na mwaka aliokufa.

Nikaandika. Mlango ukafunguka.
Na katikati ya wauaji na wapishi wa nchi za watu
nikaiona: Daktari wa Mtoni,
sehemu zote kumi na tatu
zimepangwa kama mayai kwenye trei.

Miaka hamsini na sita!
Enzi hizo ilikuwa Alhamisi saa mbili usiku, au basi.
Ukichelewa, kesho uwaulize wenzio kwenye foleni ya nyama.
Ngazi za jengo letu zilinyamaza, orofa nne nzima;
hata Bwana Kubacki wa chini alilewa mapema ili awahi.
Runinga ilikuwa kwetu. Majirani walikuja na viti vyao.

Mama hakuangalia sura.
Mama, Bogumiła, fundi wa mavazi studioni,
aliangalia mabega.
"Pindo limeshuka," alimwambia daktari,
daktari akiwa ananong'ona na mke wa mtu.
"Nilimwonya asikalie ile bitana."

Na koti la mke wa jaji: kijani, alisema,
kijani cha mnanaa ulioanza kukauka.
Sisi tuliona kijivu.
Kila kitu kilikuwa kijivu: mto, damu, cheri,
Łódź yenyewe nje ya dirisha.
Nilibisha. Nilikuwa na miaka tisa na macho mawili.
Hakujibu. Aliinuka, akarudi na kipande,
akanishonea kiraka kwenye kiwiko cha sweta,
nikaenda shule nimevaa ushahidi.

Sasa wameipaka rangi.
Mashine ndiyo iliyopaka, wanasema, imekisia yenyewe.
Nyasi imezipatia. Midomo imeipatia.
Sehemu ya tano, dakika ya kumi na tisa,
mke wa jaji anashuka ngazi
na koti ni la buluu.

Buluu!
Nimesimamisha. Nimerudisha nyuma.
Nimemshusha ngazi mara saba, bibi wa watu,
na mara saba ameshuka na buluu yake.
Kijani! nikapaza sauti, nyumba tupu,
mimi yule yule niliyebisha.

Kisha majina ya mwisho.
Zamani yalipanda polepole, meupe, kama mvuke wa chai,
na mama, aliyekwisha kujiingiza jikoni kusudi,
aliuliza kutoka huko: "Nimepita?"
"Bado."
"Nimepita?"
"Unapita sasa."

Siku hizi majina yanakunjwa, yanasukumwa pembeni,
madogo kama stempu,
na sehemu inayofuata inakuja mbio: sekunde tano, nne,
napapasa rimoti chini ya blanketi, chini ya plasta,
tatu,
ipo kwenye sahani ya mkate, mbili,
na tayari daktari anafunga mkoba wake
kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Sehemu ya sita nimewahi.
Mstari wa chini kabisa, baada ya taa, kabla ya madereva:
Bogumiła Wrzos,
ile W imeumwa kidogo na ukuukuu wa filamu.
Nimebonyeza. Jina limesimama.
Hujapita, nikasema kuelekea jikoni.
Friji ilinguruma, ikanyamaza.

Saa tano na nusu usiku nikampigia Kinga.
"Baba, umeanguka tena?"
Ni kijani, nikamwambia.
"Nini?"
Lile koti. Andika mahali.