Simu Kumi na Moja

Siku ya nne Jitman akafungua betri ya trekta
iliyolala ubavu chini ya ghala,
akaunga nyaya kwa meno na plasta ya zahanati,
simu zikaanza kunyonya, moja baada ya nyingine,
kama vitoto vya mbuzi vilivyokosa mama.

Mnara wa ng'ambo ya mto ulikuwa umepiga magoti.
Mtandao ulibaki juu kule tu, mgongoni mwa mlima,
penye bendera za sala: mstari mmoja,
nao huja na kwenda kama mgeni mwenye haya.
Nani apande? Wenye nguvu walikuwa wanafukua.
Nikasema mimi. Suntali, mjane wa mwalimu,
nijuaye kusoma na nisiye na wa kumfukua.

Wakanipa simu kumi ndani ya mfuko wa unga,
kila moja na karatasi yake, na maneno yake.
"Mwambie wazima. Nyati kafa. Asirudi,
nauli hiyo ndiyo mabati."
"Mwambie mguu wa baba umevunjika,
ila usiseme umevunjika, sema umeteguka."
Na bibi Nirmaya, asiyewahi kutuma ujumbe maishani:
"Andika mablanketi hayakulowa."
Basi?
"Basi. Atajua mwenyewe."

Ya kumi na moja aliileta mama mkwe wa Asmaya.
Kioo kimepasuka, vumbi limekaa ndani ya ufa.
Hakuwa na maneno. "Chaji na hii," alisema,
akarudi kwenye mawe.
Asmaya tulikuwa tumemchoma jana yake
kwa kuni za dari lake mwenyewe.

Saa tatu za kupanda. Njia imekatika mara mbili,
na ardhi ikijigeuza chini yangu
kama mgonjwa asiyepata usingizi.
Nilipofika penye bendera, mfuko ukaamka.
Siku nne za ujumbe zilimiminika kwa mpigo,
zikanguruma ndani ya unga
kama nyuki wa mzinga uliopigwa teke:
uko wapi uko wapi jibu basi jibu.
Doha, Riyadh, Kuala Lumpur, jikoni mwa hoteli za Delhi.

Nikaketi, nikatuma. Sauti haikupita,
maneno mafupi yalipenya.
Wazima. Umeteguka. Hayakulowa.
Kila moja nikaikodolea macho hadi iseme imetumwa,
kama anayechunga maziwa jikoni.

Ndipo ya kumi na moja ikalia.
Somlal, ameandikwa kiooni, na picha yake
ya kofia ya njano ya ujenzi.
Alikuwa amepiga mara sabini na mbili.
Siku nne yule mwanamke wa mashine
amemwambia kwa upole kwamba mteja hapatikani.
Mimi nilikuwa na habari ileile,
bila sauti yake.

Nikapokea. Kabla sijavuta pumzi akaanza:
Asmaya, nilijua, niliwaambia hapa bwenini,
niliwaambia ni mtandao tu, achana na nyumba,
nyumba ni mawe, nitatuma pesa, umekula?
mbona kimya, unalia, lia tu,
nasikia upepo, uko kule juu,
usikae ukingoni—

Nilifungua mdomo.
Simu ikazima.

Nalisema hapa kwa kuwa sijalisema popote:
nilishukuru.
Nikaishika, bado ina joto, kama yai.

Niliposhuka niligawa majibu.
Mwana wa Nirmaya alikuwa ameuliza: Na paka?
Bibi akacheka, cheko la kwanza kijijini
tangu Jumamosi, watu wakageuka kumtazama
kama amevunja kitu.
Mama mkwe wa Asmaya hakuuliza.
Aliutazama mfuko, kisha akanitazama mimi,
kisha akaendelea kuchagua mawe,
mazima huku, yaliyopasuka kule.

Alfajiri nikamwamsha Jitman.
Jaza hii, nikamwambia, mpaka mwisho,
nami nitasubiri.
Nikapanda na simu moja.